Jogoo mmoja wa kishingo hajazi banda kishingo

UKIPITA Sinza alfajiri, kuanzia Kijiweni hadi Mori, utasikia majogoo yakiwika nyuma ya kuta za nyumba za kupanga, baa na maduka ya vipodozi. Eneo hili lilipimwa katika miaka ya 1970 chini ya mpango wa viwanja na huduma uliofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na viwanja vyake vilikusudiwa kwa makazi, si kwa mifugo. Lakini katika enzi ya Mzee Ruksa, mshahara ulipokuwa hauvuki katikati ya mwezi, uani pakageuka banda. Sinza imetoka Kinondoni na kuingia Manispaa ya Ubungo, ghorofa zimeota kila upande, na kuku bado wapo.

Kilichobadilika ni biashara yenyewe. Zamani mfugaji wa Sinza alinunua vifaranga wa nyama, akawalisha wiki chache, akauza, akaanza upya. Leo wengi wamehamia kwa kuku wa kienyeji na chotara, na pamoja nao imekuja biashara ya jogoo wa mbegu. Jogoo wa kishingo, jogoo wa kidimu, jogoo wa kuchi, chotara mkubwa mwenye miguu minene: kila mmoja ana bei yake, na bei hiyo ni mara kadhaa ya bei ya jogoo wa kwenda sufuriani. Muuzaji humwambia mteja kwamba damu ya jogoo huyu ina nguvu, na kwamba mwaka haujaisha banda zima litafanana naye. Mteja analipa, anasubiri siku 21 za kuatamia, kisha anapata vifaranga wa kila namna. Ugomvi huanzia hapo, na mara nyingi huishia kwa mjumbe.

Katika ugomvi huo si kila muuzaji ni tapeli. Wengi wao wanaamini wanachokisema. Wanadhani urithi ni kama chai na maziwa: ukishachanganya umechanganya, na anayezidi kwa wingi ndiye anayetoa rangi. Urithi hauendi hivyo. Unafanana zaidi na makande. Mahindi na maharage huchemka chungu kimoja, lakini punje hubaki punje na haragwe hubaki haragwe, na anayepakua anaweza kupata mahindi mengi kijiko hiki na maharage matupu kijiko kinachofuata.

Mtawa Gregor Mendel aliligundua jambo hilo kwa kuotesha njegere, akalichapisha mwaka 1866, na dunia ikalipuuza hadi mwaka 1900. Miaka miwili baadaye Mwingereza William Bateson alionyesha kwamba kanuni hizo zinafanya kazi pia kwa wanyama, na mnyama aliyemtumia alikuwa kuku. Kwa hiyo elimu hii si ya maabara za mbali. Imezaliwa bandani.

Kanuni yenyewe ni fupi. Kwa sifa nyingi za mwilini, kila kuku hubeba nakala mbili za kinasaba, moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Anapozaa hutoa moja tu kati ya hizo mbili, na hachagui ni ipi. Tofauti kati ya sifa na sifa ni namna nakala hizo mbili zinavyoishi pamoja ndani ya kuku mmoja. Kuna inayomfunika mwenzake kabisa, kuna zinazokutana katikati, na kuna zinazojitokeza zote mbili bila moja kuificha nyingine.

Mfano wa kwanza uko miguuni. Tukiwaacha kando kuku wenye miguu myeusi, wapo wenye ngozi nyeupe na wapo wenye ngozi ya njano. Nyeupe ndiyo sifa tawala. Kuku mwenye nakala moja ya nyeupe na moja ya njano huonekana mweupe kabisa, wala hakuna jicho la mnunuzi litakalogundua kwamba amebeba njano ndani. Ndiyo maana jogoo na mtetea wenye miguu myeupe wanaweza kutotoa kifaranga wa miguu ya njano, na jirani akaanza kusema jogoo wa nyumba ya pili ameruka ukuta. Inawezekana hakuna aliyeruka. Kinyume chake hakitokei: wazazi wote wawili wakiwa na ngozi ya njano, hawana nyeupe ya kumpa mtoto.

Hapa inafaa kuonya jambo dogo linalowaponza wengi. Njano ya miguu hutokana pia na chakula. Kuku aliyezaliwa na uwezo wa kuwa wa njano, akifungiwa na kulishwa pumba za mahindi meupe tu, hupauka. Akipewa mchicha na majani mabichi, rangi hurudi. Anayechagua mbegu kwa rangi ya miguu bila kuuliza kuku amekula nini anaweza kumtupa mzuri na kumbakiza mbaya.

Kishingo ni habari nyingine, na ndiyo inayomgusa mfugaji wa Dar es Salaam mfukoni. Kuku huyu asiye na manyoya shingoni si mgonjwa wala hakunyonyolewa. Amerithi kinasaba kinachopunguza manyoya mwili mzima, si shingoni peke yake. Mwenye nakala moja hupungukiwa na manyoya kwa takriban asilimia 20 hadi 30, na mwenye nakala mbili kwa asilimia 40 hivi. Katika joto la Dar es Salaam hiyo ni faida halisi. Kuku hupoteza joto kwa urahisi, hali yake ya kula haipungui sana wakati wa jua kali, na protini ambayo ingetengeneza manyoya huenda kwenye nyama. Huko Njombe au Makete kuku huyohuyo angetetemeka na kula zaidi ili apate joto, na faida ingegeuka hasara.

Uzuri wa kishingo ni kwamba hafichi siri yake. Kinasaba chake hakitawali kikamilifu, hivyo mwenye nakala moja na mwenye nakala mbili hawafanani. Mwenye nakala moja hubaki na kishada cha manyoya mbele ya shingo, chini karibu na gole, kama tai iliyofungwa vibaya. Mwenye nakala mbili ana shingo tupu, na akiwa na manyoya hapo ni machache sana ya kuhesabika. Mnunuzi anayejua hilo hahitaji mtaalamu. Anahitaji kumshika jogoo, kumgeuza kwenye mwanga na kuangalia chini ya shingo.

Tuseme mfugaji wa Sinza amenunua jogoo wa kishingo mwenye kishada, akamweka na mitetea kumi ya kawaida yenye manyoya kamili. Amekusanya mayai 100, amepeleka kwenye mashine, na vifaranga 80 wametoka. Jogoo huyu ana nakala moja ya kishingo na moja ya kawaida, kwa hiyo karibu nusu ya vifaranga, yaani 40 hivi, watakuwa kishingo na nusu watakuwa wa kawaida. Kama mfugaji alikwisha kuchukua malipo ya awali ya kishingo 80, ana deni la vifaranga 40 ambao hawapo. Angenunua jogoo asiye na kishada, vifaranga wote 80 wangekuwa kishingo, kila mmoja akiwa na kishada chake. Wauzaji wengi humsifu zaidi jogoo mwenye kishada, kwa madai kwamba ana urembo.

Hesabu haiishii hapo. Vifaranga 80 hao wenye vishada wakikua na kuzaana wenyewe kwa wenyewe, kila vifaranga 80 wa kizazi kinachofuata watatoka takriban 20 wa shingo tupu, 40 wa kishada na 20 wa manyoya kamili. Mfugaji hushangaa kuona kuku wa kawaida wamerudi katika banda lililokuwa kishingo watupu, akadhani mbegu imechoka. Mbegu haijachoka. Ni punje za makande zimepakuliwa upya. Akitaka banda litulie, awabakize wa shingo tupu peke yao kwa kuzalisha, na wengine awauze wakaliwe. Na asimwonee huruma yule wa manyoya kamili eti kwa sababu baba yake alikuwa kishingo. Huyo hana kishingo cha kumrithisha mtu.

Kidimu, yule mwenye manyoya yaliyogeuka kuelekea juu kana kwamba amepigwa na upepo kwa nyuma, hufuata mkondo huohuo, ila adhabu yake ni kali zaidi. Kidimu anayependeza ni mwenye nakala moja. Akikutanishwa kidimu na kidimu, robo ya watoto hupata nakala mbili, na hao manyoya yao ni membamba, hukatika ovyo na kumwacha kuku karibu uchi. Anayewatafuta kidimu wazuri amkutanishe kidimu na kuku wa kawaida, apate nusu kwa nusu bila hao walioharibika. Mwenye tamaa ya kupata banda la kidimu watupu hulipia tamaa hiyo kwa vifaranga.

Yupo pia kuku wa kijivu cha samawati, ambaye wafugaji wa Ulaya humwita Andalusian na ambaye vitabu vya shule humtumia kama mfano. Mweusi akizaa na mweupe wa madoa wa ukoo huo, watoto wote huwa kijivu. Kijivu wakizaana wao kwa wao, robo huwa weusi, nusu kijivu na robo weupe wa madoa. Hakuna jitihada ya kuchagua itakayolifanya kundi la kijivu lizae kijivu tupu, kwa sababu kijivu si mbegu. Ni makutano ya mbegu mbili. Anayewauza kijivu kama mbegu safi anauza kitu kisichokuwepo.

Upande wa sifa zinazojitokeza zote mbili, mfano ulio karibu zaidi hauko bandani bali uko kwa mfugaji mwenyewe. Mtu aliyerithi kundi la damu A kwa mzazi mmoja na B kwa mwingine hapati damu ya katikati. Anapata AB, na vipimo vya hospitali huziona A na B zote mbili, kila moja kamili. Selimundu nayo ina sura hiyo. Aliyerithi nakala moja ya selimundu na moja ya kawaida hutengeneza aina zote mbili za himoglobini katika damu yake, na kwa kawaida huishi bila ugonjwa. Utafiti wa Anthony Allison, uliofanyika Afrika Mashariki na kuchapishwa mwaka 1954, ulionyesha kwamba watu hao wana kinga zaidi dhidi ya malaria, na ndiyo sababu kinasaba hicho kimedumu katika maeneo yenye mbu wengi. Lakini wazazi wawili wenye nakala moja moja wakipata mtoto, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mwenye selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huo. Hesabu ya kishingo na hesabu ya selimundu ni moja. Anayeielewa bandani hawezi kushindwa kuielewa kliniki, wala hatamlaumu mke kwa jambo lililotoka kwa wazazi wote wawili.

Kuna robo nyingine ambayo mfugaji haioni kabisa. Kati ya kuku wafupi wapo wanaobeba kinasaba cha miguu mifupi ambacho nakala moja huleta ufupi, na nakala mbili huua kiinitete ndani ya yai katika siku za mwanzo. Jogoo na mtetea wa namna hiyo wakikutana, robo ya mayai yaliyorutubishwa hayatatoa kifaranga hata mashine iwe mpya na umeme usikatike. Theluthi mbili ya watakaotoka watakuwa wafupi na theluthi moja warefu wa kawaida. Mwenye mashine hulaumiwa kwa joto, muuzaji wa mayai hulaumiwa kwa mayai viza, ilhali kosa ni kuwakutanisha wawili hao.

Baada ya yote hayo lazima isemwe wazi kwamba sifa zinazolipa zaidi haziendi kwa nakala moja au mbili. Uzito, idadi ya mayai na ukuaji hubebwa na vinasaba vingi, kila kimoja kikichangia kidogo, na lishe na magonjwa vikiamua kilichobaki. Kuchi ni mfano mzuri. Kuku huyu mrefu, mgomvi na mwenye bei, anayejulikana Kanda ya Ziwa na hata pwani ya Kenya hadi Lamu, akizaa na mtetea wa kawaida huleta watoto wa kimo cha katikati. Watoto hao wakizaana, hutoka kila kimo. Hakuna kishada cha kumwambia mnunuzi nani amebeba nini.

Kwa chotara wa kisasa hali ni hiyohiyo, na hapa ndipo fedha nyingi inapopotea. Kuroiler kutoka India na Sasso kutoka Ufaransa wamesambaa sana nchini katika miaka ya karibuni, na wamewasaidia wengi. Ni kuku waliotengenezwa kwa kukutanisha koo maalumu za wazazi, na nguvu yao hutokana na makutano hayo. Mfugaji anayembakiza jogoo chotara na kumzalisha na dada zake hapati tena Kuroiler wala Sasso. Anapata mchanganyiko: huyu mkubwa, yule mdogo, huyu anataga, yule anakula tu. Kwa kuwa wazazi ni ndugu, sifa mbaya zilizojificha hupata nafasi ya kukutana nakala kwa nakala.

Mkulima wa mahindi analijua hili tangu zamani. Anajua kwamba mbegu chotara hupandwa msimu mmoja, na anayerudia punje za ghalani huona shamba limepanda na kushuka kama ngazi. Anajua pia kwamba mbegu kama Staha na TMV-1 si chotara, na anaweza kuzirudia kwa misimu kadhaa akichagua vizuri. Tofauti ni kwamba mnunuzi wa mbegu za mahindi ana mahali pa kuangalia. Mfuko una jina la mbegu na lebo ya TOSCI. Jogoo wa mbegu anayeuzwa kwenye tenga pembeni ya Shekilango hana lebo, hana risiti, na anayemuuza pengine kamnunua jana kutoka gari la Singida au Dodoma.

Serikali imeonyesha kwamba ikitaka inaweza kuwa kali juu ya kuku. Mwaka 2017 iliteketeza vifaranga 6,400 walioingizwa kutoka Kenya kupitia Namanga, kwa hoja ya kuzuia magonjwa. Watu walibishana sana juu ya moto ule. Lakini ukali wa mpakani haumsaidii mfugaji wa Sinza anayeuziwa chotara wa kizazi cha pili kwa jina la mbegu. Wizara ya Mifugo na Uvuvi ina wataalamu, TALIRI ina wataalamu, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina wataalamu. Kinachodaiwa si moto wala askari. Ni karatasi. Kila anayeuza vifaranga au jogoo kwa jina la mbegu aandike ni kizazi cha ngapi, wazazi walikuwa aina gani, na kama jogoo na mitetea inayouzwa pamoja ni ndugu. Afisa mifugo wa kata aikague karatasi hiyo kama anavyokagua chanjo ya kideri. Muuzaji mkweli hatapoteza kitu, kwa sababu chotara wa kizazi cha kwanza atauzwa kwa bei yake, na wa kizazi cha pili atauzwa kama kuku wa nyama, ambayo pia ni biashara halali.

Wafanyabiashara watasema karatasi inaongeza gharama. Inaongeza, lakini kidogo. Kenya ilipokumbwa na wimbi la kware mwaka 2013 na 2014, watu waliuziana ndege wa kuzalisha kwa bei za ajabu, kila mnunuzi akitegemea kumuuzia mwenzake, hadi soko likaanguka na kware wakabaki bila mnunuzi. Biashara ya mbegu isiyo na uthibitisho huishi kwa imani, na imani ikiisha huondoka na wakweli pia.

Wakati karatasi ikisubiriwa, mfugaji anaweza kujipimia mwenyewe. Jogoo wa kishingo awekwe peke yake na mitetea ya manyoya kamili, mayai yatotolewe, na vifaranga watazamwe siku ileile, kwa sababu shingo tupu huonekana tangu kifaranga anapotoka kwenye yai. Akitokea hata mmoja tu mwenye manyoya shingoni, jogoo ana nakala moja, na bei yake ishuke. Wakitoka saba na wote ni kishingo, kuna nafasi moja tu kati ya 128 kwamba jogoo wa nakala moja amebahatika. Kwa miguu myeupe kipimo ni hichohicho, ila jogoo huwekwa na mitetea ya miguu ya njano, na mfugaji asubiri vifaranga wakue kidogo na kula majani kabla ya kuhesabu. Muuzaji anayekataa kumwacha jogoo wake apimwe kwa muda huo, hata kwa malipo ya nusu, amekwisha kumjibu mnunuzi.